Kiingilio cha Kushuka Shimoni

Desemba ya mwaka juzi dada yangu, aliyeolewa Johannesburg, alituma nauli ili wazazi wetu wakapumzike kwake wiki tatu. Mimi niliongozana nao kwa sababu baba hajui Kiingereza, na mama hakutaka kuvuka mipaka mitatu bila mtu wa kumjazia fomu. Tulitoka Mhunze tukiwa na kilo kumi za mchele na michembe ya viazi vitamu ambayo mama aliifunga kwa kanga. Tukapita Tunduma, Lusaka na Harare, na tulipofika miguu ya baba ilikuwa imevimba.

Siku chache baada ya Krismasi shemeji alisema atatupeleka sote mahali watoto wanapopapenda, Gold Reef City. Nilipomtafsiria baba jina hilo alicheka.

"Mji wa mwamba wa dhahabu? Mbona huo niliuacha Geita."

Ni bustani ya michezo iliyo kusini kidogo mwa katikati ya jiji, na imejengwa juu ya mgodi wa zamani wa Crown Mines, kwenye shimo namba 14. Majumba yake yanaiga mji wa wachimbaji wa miaka ya 1880. Kuna vitreni vinavyokupindua miguu juu, na kuna mnara unaowaangusha watu kwa kasi hadi ndani ya ardhi, kwenye shimo. Mpwa wangu mwenye miaka kumi na mmoja aliupanda mara mbili. Mama alisimama pembeni akisikiliza mayowe, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hapa watu wanalipa ndipo washushwe?"

Sikuwa na jibu. Nasoma shahada ya uzamili katika historia, na hapo nilikuwa nimeshaanza kuandika kichwani makala ya kuikosoa bustani ile.

Baba alichimba dhahabu Nyarugusu na Rwamgasa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980. Alikata maduara, akapanga matimba, akasaga mawe kwenye karasha, na kwenye mwalo akashika zebaki kwa mikono mitupu. Aliacha mwaka ambao mimi nilianza darasa la kwanza. Nyumbani tulijua tu kwamba amechoka. Kikohozi chake cha alfajiri tulikizoea kama tulivyozoea jogoo.

Alikataa michezo yote, lakini tulipofika kwenye ziara ya chini ya ardhi alijipanga foleni kabla yetu. Tulivaa kofia ngumu, tukapewa taa, tukateremka kwa lifti. Mwongozaji wetu, mzee aliyesema aliwahi kufanya kazi migodini, alieleza jinsi dhahabu ilivyogunduliwa shambani Langlaagte mwaka 1886, na jinsi jiji zima lilivyoota juu yake. Watu walipiga picha. Nikasikia nyuma yangu ko, ko, ko. Baba alikuwa anagonga dari ya mwamba kwa kifundo cha kidole, huku ameinamisha sikio.

Mwongozaji aliacha kuongea. Akamtazama, kisha akaniambia kwa Kiingereza, "Mwambie mzee tulishaigonga asubuhi."

Mwamba mzima ukiugonga hulia kama chuma. Uliopasuka kwa ndani hutoa sauti ya mtungi mtupu. Nililijua jambo hilo kutoka vitabuni. Sikujua kwamba baba yangu analijua kwa mkono, wala kwamba watu wawili wasio na lugha moja wanaweza kutambuana kwa sauti hiyo. Safari iliyobaki walitembea pamoja mbele, wakioneshana matimba kwa vidole.

Hapo juu ya ardhi tulikuta vijana wakicheza ngoma ya mabuti ya mpira, wakipiga viganja kwenye mabuti na kukanyaga kwa mpigo mmoja. Ngoma hiyo ilizaliwa miongoni mwa wafanyakazi wa migodi hiyohiyo. Watu hao walitoka mbali. Shirika la kuandikisha vibarua lililojulikana kwa kifupi kama Wenela lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, likawachukua wanaume kutoka Msumbiji, Nyasaland na kwingineko. Waliotoka kaskazini walikufa kwa nimonia kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ilipiga marufuku kuwaandikisha watu wa kaskazini ya latitudo 22 kusini. Katika miaka ya 1930 marufuku ikalegezwa, kwa kuwa migodi ilihitaji mikono. Ndipo watu wa Tanganyika pia, hasa wa pande za Mbeya na Tukuyu, walipoanza kwenda kwa mikataba, hadi serikali ilipokomesha uandikishaji huo katika kipindi cha uhuru. Mwaka 1946 makumi ya maelfu ya wachimbaji Waafrika wa Johannesburg na vitongoji vyake waligoma wakidai shilingi 10 kwa siku. Polisi waliwarudisha shimoni kwa nguvu, na watu wasiopungua 9 walikufa.

Wasukuma wengi wao walielekea kwingine, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba. Babu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba shimo namba 14 ni la ukoo wetu. Lakini jioni ile, nyumbani kwa dada, nilimweleza baba mambo hayo nikiwa na hasira. Nikasema bustani ile inawakumbuka wenye migodi na kuwasahau wabeba mawe.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na pale Mwadui mlifundishwa jina la nani?"

Mwadui iko wilayani kwetu Kishapu. Shuleni tulijifunza kwamba Mkanada John Williamson aligundua almasi pale mwaka 1940. Tulijifunza habari za almasi ya waridi iliyopatikana mwaka 1947, akapewa zawadi Binti Mfalme Elizabeth, ikachongwa hadi karati 23 na ushee. Naweza kukutajia kwamba Williamson alifariki mwaka 1958. Jina la mtu mmoja wa Mwadui aliyechimba, aliyechekecha au aliyelinda lango, sikuwahi kuulizwa kwenye mtihani wowote, na mimi mwenyewe sikuwahi kuuliza.

"Nyarugusu je?" baba akaendelea. "Mimi unaniuliza nini?"

Ndipo akasimulia. Aliacha kuchimba kwa sababu ya asubuhi moja ya masika. Alikuwa amegonga dari, ikalia kama mtungi. Akamwambia mwenzake wapande. Mwenzake akajibu kwamba amebakiza viroba viwili tu. Baba akapanda kwenda kutafuta mti wa timba, na aliporudi hapakuwa na duara. Walichimba siku mbili. Alinitajia jina la mtu huyo, kijiji chake na idadi ya watoto aliowaacha. Silitaji hapa, kwa sababu familia yake haijaombwa ruhusa. Mama, aliyeishi na baba miaka yote hiyo, aliweka kikombe chini. Naye alikuwa halijui jina hilo.

Makala ya kuikosoa bustani sikuiandika. Badala yake nilibadili mada ya tasnifu yangu. Sasa nazunguka Maganzo, Nyarugusu na Rwamgasa na daftari, naandika majina ya watu waliofia kwenye maduara, kwa ruhusa ya waliobaki. Kazi yenyewe inakwenda polepole, maana mara nyingi natakiwa nirudi siku nyingine.

Baba naye, akikaa na wenzake chini ya mwembe pale Mhunze, husimulia safari yake. Vile vitreni havitaji kabisa. Anawaeleza jinsi matimba ya kule yalivyopangwa, unene wake, na nafasi iliyoachwa kati ya mti na mti. Wenzake wanamwuliza iwapo kweli alilipa kiingilio ili ashuke. Anasema alilipiwa na mkwewe.