"Siumwi" si kipimo: kahistoria ka kucheki afya kila mwaka

Zamu za usiku zilinibana kidogo, ila nipo na ni mzima.

Kila nikipiga simu nyumbani nikauliza kama mmepima presha, jibu ni lile lile: "Siumwi, nikapime nini?" Huku Marekani watu wengi wana daktari wao wa kawaida, na wanaenda kumwona mara moja kwa mwaka hata kama hawaumwi. Najua wengine mnasema hayo ni mambo ya wenye pesa za kuchezea. Basi leo tuangalie yalikotoka.

Mwaka 1861, daktari mmoja wa London, Horace Dobell, alifundisha kuwa ugonjwa huanza mwilini kabla mtu hajahisi lolote, kwa hiyo watu wachunguzwe mara kwa mara wakiwa bado wazima. Waliokuja kulipa wazo hilo nguvu ni wafanyabiashara. Makampuni ya bima ya maisha ya Marekani yalikuwa yanalipa mteja akifa, hivyo kila mwaka aliozidi kuishi ulikuwa faida kwao. Mwaka 1913 ikaanzishwa Life Extension Institute kule New York, na mwaka uliofuata kampuni ya Metropolitan Life ikaanza kuwalipia wateja wake uchunguzi. Mwaka 1922 chama cha madaktari wa Marekani nacho kikaunga mkono.

Lakini jamani, kupima ni kitu kimoja, kukielewa kipimo ni kingine. Mchukueni Rais Franklin Roosevelt. Mwaka 1935 presha yake ilikuwa 136/78. Mwaka 1937 ikawa 162/98. Mwaka 1941 ikafika 188/105. Namba zilikuwa zinapanda ngazi na ziliandikwa, ila siku hizo madaktari wengi waliamini ni kawaida presha kupanda na umri. Machi 1944 akaitwa daktari wa moyo, Howard Bruenn, akakuta moyo umeshapanuka na unashindwa kazi. Dawa za maana za presha zilikuwa bado hazijapatikana. Tarehe 12 Aprili 1945 Roosevelt alilalamika kichwa kinamuuma vibaya, akapoteza fahamu. Presha ilikuwa 300/190. Akafa siku hiyo hiyo kwa damu kuvuja kwenye ubongo, akiwa na miaka 63. Rais mzima, na daktari wake Ikulu!

Miaka mitatu baadaye, 1948, watafiti walikwenda mji wa Framingham, jimbo la Massachusetts, wakaandikisha watu 5,209 wa miaka 30 hadi 62, wakawa wanawapima kila baada ya miaka miwili. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kuwa presha ya juu hutangulia ugonjwa wa moyo na kiharusi, hata kwa mtu anayejiona mzima kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vikaja vidonge vizuri vya kuishusha, na mwaka 1967 utafiti kwa askari wastaafu wa Marekani ukathibitisha kuwa kuwatibu wenye presha kali kunawaokoa na kiharusi na kifo.

Sasa niwe mkweli kwenu. Si kila kipimo kina faida. Mwaka 1979 jopo la wataalamu wa Kanada lilishauri watu waache kupimwa kila kitu kila mwaka, wapimwe yale yanayoendana na umri na hali zao. Mwaka 2019 watafiti wa Denmark walijumlisha tafiti nyingi wakaona kuwapima watu wazima kila kitu kwa ujumla hakupunguzi vifo. Kwa hiyo msikimbilie vifurushi vya vipimo ishirini vya bei mbaya. Muhimu ni machache: presha kwa kila mtu mzima, sukari kwa wenye umri mkubwa, wanene au wenye kisukari kwenye ukoo, shingo ya kizazi kwa akina mama. Na muhimu zaidi, uwe na mtu mmoja wa afya anayekujua, anayeweza kulinganisha namba ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Kama hapo kwenu kila ukienda zahanati unakutana na sura mpya, nunua daftari. Andika tarehe na namba, nenda nalo kila mara. Kumbukeni ile ngazi ya Roosevelt: 136, 162, 188. Yeye alikuwa na namba, dawa hakuwa nayo. Sisi dawa tunazo, ila namba hatuna.

Baba mdogo, najua unasomewa hii na watoto. Nenda kabla ya mwezi kwisha, kisha unitumie namba zote mbili, ya juu na ya chini. Nazisubiri.

Wasalaam, mbaki salama.