Mfumo wa Kumsaidia Dereva

Magari yaliyotumika Japani, yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi Mwanza, siku hizi yanakuja na vifaa ambavyo wauzaji huvikusanya kwa herufi nne: ADAS, kifupi cha Kiingereza cha "Advanced Driver Assistance Systems". Mteja huambiwa kwamba gari "lina akili". Hilo halimsaidii. Anachopaswa kujua ni kama gari litamwonya tu, au litashika breki kabla yake.

Tafsiri ya haraka ya jina hilo ni "usaidizi wa dereva". Siipendi, kwa kuwa haisemi nani anamsaidia nani. "Mfumo wa kumsaidia dereva" ni jina refu zaidi, lakini kile kiambishi -m- kinamweka dereva mahali pake: anayeendesha ni yeye, mfumo unamhudumia. Ni kazi ya utingo wa lori, anayechungulia upande usioonekana na kupiga kelele, ila usukani si wake.

Ugumu mkubwa uko kwenye mwendo. Kuna kifaa kinacholiweka gari kwenye kasi aliyoichagua dereva, na aina zake mpya hupunguza kasi zenyewe zikilikaribia gari lililo mbele. Wengine hukiita kidhibiti mwendo. Jina hilo tayari lina mwenyewe: ni kile kifaa cha mabasi kinachozuia kasi isivuke kiwango kilichowekwa. Kimoja ni katazo, kingine ni chaguo la dereva, na abiria wa basi la Musoma ana haki ya kujua kipi kinazungumzwa. Napendekeza "kishika mwendo", na kile kipya kiwe "kishika mwendo na nafasi".

Breki ndiyo yenye mengi. Mwaka 2008 Subaru ilileta mfumo wa EyeSight nchini Japani, wenye kamera mbili juu ya kioo cha mbele zinazopima umbali kwa kulinganisha picha, kama macho mawili yanavyofanya. Mwaka 2015 Toyota ikaanza Safety Sense. Toleo dogo, lililoingia kwenye Corolla, lilitumia kamera moja na mwale wa leza. Lilitambua magari, halikutambua watembea kwa miguu. Kizazi cha pili cha mwaka 2018 kiliongeza watembea kwa miguu wakati wa usiku na waendesha baiskeli mchana. Kwa hiyo magari mawili yenye nembo ileile yanaweza kutofautiana kabisa mbele ya mama anayevuka barabara pale Igoma. Ng'ombe wanaovuka barabara ya Magu hawamo katika orodha yoyote kati ya hizo. Jina "breki ya dharura inayojishika" linafaa, mradi muuzaji aseme pia inajishika mbele ya nini.

Kwenye mistari ya barabara, Kiswahili kinatenganisha vizuri: "onyo la kuacha njia" hulia tu, "kirudisha njiani" hugusa usukani. Vyote viwili vinahitaji mchoro unaoonekana. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, linao. Barabara nyingi za mitaani hazina. Bahati yetu ni kwamba Japani nako watu huendesha kushoto, hivyo mfumo hauchanganyikiwi na upande.

Viwango vya kimataifa vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2014, vina ngazi za gari kujiendesha kuanzia 0 hadi 5. Hadi ngazi ya 2, hata gari likishika mwendo na usukani kwa pamoja, dereva ndiye anayeendesha na anatakiwa kuangalia barabara muda wote. Ndiyo maana "gari linalojiendesha" ni jina la hatari kwa Toyota Fielder au Subaru Forester iliyoegeshwa Nyegezi. Lisitumike.

Mafundi nao wanahitaji jina moja: "kulenga upya kamera". Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera husogea kidogo, na kosa dogo pale juu huwa mita kadhaa huko mbele. Wadudu wa ziwani wakijaa kwenye kioo jioni, kamera huziba na taa ya mfumo huwaka kwenye dashibodi, mara nyingi na maandishi ya Kijapani. Maana yake: mfumo umezimika, uko peke yako.