Upinde na Tabia katika Riwaya za Mapenzi

Katika riwaya za mapenzi, chombo cha mchezo aghalabu huitangaza tabia ya mtu kabla ulimi wake haujanena. Upinde ni mfano bora wa jambo hili katika fasihi ya Kiingereza. Katika karne ya 19 mchezo wa kulenga shabaha uliwafaa wanawake wa tabaka la juu kwa kuwa haukudai mbio: mwanamke aliweza kusimama wima katika vazi lake refu, akavuta upote wa upinde, na kutazamwa. Uwanja wa shabaha ukawa pia uwanja wa uchumba.

George Eliot aliitumia hali hiyo katika Daniel Deronda, riwaya ya mwaka 1876. Gwendolen Harleth, msichana mzuri mwenye kiburi, anashinda nyota ya dhahabu, na siku hiyo hiyo anajulishwa kwa Grandcourt, bwana tajiri. Upinde wamwonyesha kuwa mtu apendaye kutawala. Lakini akisha kuolewa, anatambua kwamba aliyelengwa ni yeye. Mwindaji amekuwa windo.

Edith Wharton, Mmarekani, aliugeuza mfano huo katika The Age of Innocence, riwaya iliyotoka mwaka 1920 na kusimulia maisha ya matajiri wa New York katika miaka ya 1870. Katika mashindano ya Newport, May, mke wa Newland Archer, anashinda pambo la mshale wenye ncha ya almasi. Anafanana na Diana, mungu wa kike wa uwindaji kwa Warumi wa kale. Mumewe, ambaye jina lake la ukoo lina maana ya mpiga upinde, anavutiwa na umbo lile, ila anashuku kwamba nyuma yake hamna kitu. Moyo wake uko kwa Ellen Olenska, binamu ya mkewe.

Hapo ndipo alipokosea. Baadaye May anamwambia Ellen kwamba ana mimba, hali yeye mwenyewe bado hana hakika. Majuma mawili yanapita kabla hajamwambia mumewe. Ellen anaamua kurudi Ulaya. Hapakuwa na ugomvi wala kelele: mshale mmoja tu, na ndoa ikasalimika. Archer alikuwa ameuona ustadi wa mkono ule mbele ya watu wote, akaudhani urembo.

Msomaji na mpenzi huonyeshwa ushahidi ule ule, na msiba huja pale mpenzi ashindwapo kuusoma. Wahenga walikwisha kuonya: kimya kingi kina mshindo mkuu.