Mahakama na Nidhamu ya Mtumishi wa Umma

Baada ya Vita Kuu ya Pili reli ilijengwa kutoka Kaliua hadi Mpanda ili kuchukua madini ya risasi. Zama hizo za Waingereza, kanuni ilikuwa kwamba mtumishi wa Serikali hushika kazi kwa ridhaa ya Mfalme, naye aweza kuondolewa wakati wo wote.

Kanuni hiyo haikudumu bila kupingwa. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua shauri la De Souza na Baraza la Mji wa Tanga. Ilishika neno hili: uamuzi uliovunja haki ya asili si uamuzi, hata kama neno lile lile lingefikiwa kwa njia iliyo sawa. Mwaka 1963 Baraza la Malordi huko Uingereza likamwokoa Ridge, mkuu wa polisi wa Brighton, aliyefukuzwa mwaka 1958 pasipo kusikilizwa.

Hata hivyo, jaji hakai katika kiti cha mwajiri. Hapimi kama karani alistahili karipio au kufukuzwa. Huuliza: je, alielezwa mashtaka? Alipata nafasi ya kujitetea? Waliomhukumu walikuwa na mamlaka, tena hawakuwa na upendeleo? Haki ya kusikilizwa leo imo katika ibara ya 13(6) ya Katiba.

Wala mlango wa mahakama haufunguki mara moja. Kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kilichoongezwa mwaka 2016, chamtaka mtumishi amalize kwanza ngazi za ndani kabla ya kutafuta nafuu za sheria za kazi. Mtumishi wa halmashauri mkoani Katavi, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012, hukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kisha kwa Rais. Akiruka ngazi akakimbilia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, shauri lake laweza kutupwa hata kama ameonewa dhahiri. Ngazi zikiisha, huomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi. Nayo maombi ya kibali yana ukomo wa miezi 6.

Utaratibu huu huipa ofisi fursa ya kujisahihisha, lakini mwenye kungoja hungoja bila mshahara. Kwa hiyo ngao ya kwanza ya mtumishi ni faili lake: barua ya mashtaka, utetezi wake, na muhtasari wa kikao. Kamati iliyomsikiliza mtu kwa haki haina sababu ya kuogopa mahakama. Na kamati isiyosikiliza haitafichwa na umbali wa Mpanda.