Siwa si tarumbeta

Wengi wakisikia neno siwa hukumbuka kisiwa kikubwa. Lakini neno hilo lina mwenzake wa umbo lilo hilo: siwa, pembe kuu ya kupuliza, alama ya utawala katika miji ya Waswahili wa pwani ya kaskazini. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, ina urefu wa zaidi ya mita 2. Ya Lamu ni ya shaba. Zote mbili zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Lamu.

Mpulizaji wa siwa haweki mdomo kwenye ncha yake. Tundu limetobolewa ubavuni, karibu na upande mwembamba. Midomo ya mpulizaji ndiyo inayotetemeka, nao mtetemo huo huamsha hewa iliyomo ndani. Safu ya hewa ikiwa ndefu, sauti huwa nzito. Ndiyo maana siwa hunguruma ilhali baragumu, pembe fupi ya mnyama, hulia juu zaidi. Zumari ni tofauti kabisa: humo kinachotetemeka ni kilimi, si midomo.

Siwa haikupulizwa ovyo. Ililia kwenye kutawazwa kwa watawala na harusi za koo kubwa. Kuiita tarumbeta, kama baadhi ya waandishi wanavyofanya, ni kuifuta historia hiyo. Ewe mwandishi na mwalimu, andika siwa, na umweleze msomaji maana yake.