Picha za Ndege na Maporomoko ya Mgeta

Somo letu la leo ni historia ya udongo wa milima yetu ya Uluguru.

Tarehe 23 Februari 1970, huko Mgeta, ilinyesha mvua ya milimita 100 hivi kwa muda usiozidi saa tatu. Udongo uliporomoka mahali zaidi ya 1,000, na mashamba yakaharibika.

Nani angeweza kuyahesabu yote kwa miguu? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na cha Uppsala, Uswidi, walitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, maana ukiwa juu huona kovu la kila poromoko. Kisha walipanda milimani kupima. Mmoja wao, Anders Rapp, alikwisha kuchunguza miteremko ya nchi ya baridi kali, kaskazini ya Uswidi.

Walivumbua nini? Karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na penye majani matupu. Penye miti yalikuwa machache mno, kwa kuwa mizizi huushika udongo.

Basi, mwenye shamba mlimani na ajiulize: udongo wangu unashikwa na nini? Jadilianeni darasani.