Miaka ya Bibi, Miaka ya Ushongo

Pangani mjini kuna habari za Bushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani tangu 1888 hadi wakamnyonga palepale tarehe 15 Desemba 1889. Ushongo, ng'ambo ya mto, kusini ya Bweni, haimo sana vitabuni. Historia yake wanayo mabibi.

Muulize bibi kizee wa pwani hii alizaliwa lini. Cheti hana, ila mpangilio wa mambo anao: alikwisha kuvunja ungo kabla ya Uhuru wa 1961, na Azimio la Arusha la 1967 lilimkuta na mtoto mgongoni. Aliyezaliwa miaka ya 1930 huenda alilelewa na nyanya aliyekuwa kigori Bushiri aliponyongwa. Vizazi viwili tu, tayari umefika kwa Wajerumani! Ndiyo maana mikono ikisuka ukili wa miyaa barazani, kidole kikibana ncha na kingine kikiingiza jani jipya, wajukuu wanaopita na simu zao wangekaa kidogo.

Hasa wamuulize habari za Maziwe. Kisiwa hicho kilicho mbele ya Ushongo kilikuwa na mivinje, na kasa walipanda kutaga kwa wingi kuliko mahali pengine popote nchini. Serikali ilikifanya hifadhi mwaka 1975. Lakini bahari ilikuwa inakila. Miti ikaanguka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 likabaki fungu la mchanga linalozama maji yanapojaa sana. Siku hizi mayai yanayotagwa kule huhamishiwa ufukweni Ushongo, yakazikwa upya na kulindwa kwa takriban miezi miwili mpaka yaanguliwe. Kijana anayelinda viota hivyo hajapata kuona kivuli Maziwe. Bibi yake amekiona.

Akifa, tunakaa matanga, tunasoma hitima, na kila mtu anasema marehemu alikuwa mtu wa watu. Ni kweli, lakini sifa hiyo hupewa karibu kila maiti. Aliolewa kutoka wapi? Shamba la minazi alilipataje? Nani alimfundisha ukunga? Hayo hayasemwi, kwa kuwa wa kuyasema ndiye tuliyemzika.

Basi wewe mwenye bibi Ushongo, Bweni au popote mwambao huu, mwamkie, keti mkekani, washa kinasa sauti cha simu, na uanze na jina la mama yake.